Mke Wangu Yuko Chini ya Chuma, Mikono Yangu Hainisikii

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana wateja wangu nikiwasimulia jambo hili wanacheka mpaka inabidi niondoe wembe shingoni mwao nisije nikawachinja, na mimi mwenyewe hapa maji yamenifika hapo hapo shingoni.

Mimi ni kinyozi, nina viti viwili na kioo kimoja kirefu, na mke wangu ni mkunga wa wodi ya wazazi, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, wa maneno machache, na ukikutana naye njiani na sare yake na viatu vyake vya mpira huwezi kudhani kwamba jioni mtu huyu huyu anaingia jimu, anajitia chini ya chuma kirefu chenye sahani nzito huku na huku, anakibeba mabegani, anachuchumaa nacho mpaka chini kabisa, halafu anasimama nacho. Hapo nimelisema kwa mkato, Shangazi, lakini si jambo la kusemwa kwa mkato, mimi nimeliona mara nyingi na bado kila nikiliona malaika ya mikono yananisimama.

Nianze mwanzo ili unielewe. Kazi ya ukunga ni kuinama, watu hawajui, wanafikiri ni kupokea watoto tu, na mke wangu aliinama miaka mingi mpaka mgongo ukakataa, ikafika mahali kutoka kitandani hawezi, basi kila asubuhi mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, yeye akanishika shingo, nikasema, "Haya, twende," tukanyanyuka wote wawili taratibu, na kuna asubuhi alilia, na mke wangu si mtu wa kulia. Mwaka mzima tuliamka hivyo. Baadaye daktari akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, na yule akampima huku na huku akasema mgongo huu hautaki kupumzishwa tena, unataka nguvu, akamkabidhi kwa kocha wa jimu iliyo nyuma ya kiwanda cha mikate, na siku za mwanzo walimpa mpini wa ufagio tu, akaja nao nyumbani, akawa anauweka mabegani pale jikoni, anarudisha makalio nyuma mpaka yanagusa kigoda, anasimama, anashuka tena, na mimi nikawa nacheka nikamwambia, "Mama watoto, huo ufagio umekosa nini?" Akashuka tena. Kutoka ufagio akaenda kwenye chuma kitupu, kutoka chuma kitupu sahani ndogo, na asubuhi moja nikakaa ukingoni mwa kitanda kama kawaida nikanyoosha mikono, nikakuta yeye keshaingia bafuni.

Sasa siku moja alisahau funguo, nikampelekea jimu. Mlango wa pale unaingilia nyuma, kwa hiyo nilimwona mgongo, na kwanza sikumtambua, nikaona mtu amesimama chini ya chuma chenye sahani kubwa mbili kila upande, nikajiuliza huyu ni nani, ndipo nikaona shingo, na shingo ya mke wangu naijua. Shangazi, nilitaka kupiga yowe. Lakini watu wote walikuwa wamenyamaza, hata wale vijana wenye vifua, wameacha walichokuwa wanafanya wanamtazama, yeye akavuta pumzi akaishindilia tumboni mpaka mkanda wake ukalia, akashuka. Akashuka polepole, magoti yamefunguka, visigino vimeganda sakafuni, nyonga zikapita chini ya magoti, akatulia pale chini kidogo tu, halafu akapanda, na zile sahani zikagongana juu kwa sauti ndogo kama vijiko. Kocha akanijia akanishika bega akasema, "Shemeji, unajua leo kabeba nini? Kakubeba wewe. Wewe na viatu vyako." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ni kweli mimi ni mwembamba, kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya kile kiwanda cha mikate nikalia, na hata leo sijui nililia nini, haikuwa huzuni, haikuwa woga bado, ilikuwa tu kwamba nimeona kitu kikubwa kuliko mimi na kitu hicho kinalala nyumbani kwangu.

Tangu siku hiyo nikaomba niwe mlinzi wake. Mlinzi, kwa asiyejua, ni yule anayesimama nyuma ya mwenye chuma mikono tayari, ili mzigo ukimshinda amsaidie kusimama, na ni kazi ya heshima, nami niliichukua kwa moyo wote, nikawa nafunga duka mapema siku zake za mazoezi. Na hapo ndipo tabu ilipoanza, maana mke wangu alianza kuharibika. Akifika chini anainua shingo kutazama kiooni, na mimi shingo ndiyo kazi yangu, naiona ikipanda, basi kifua kinaanguka, makalio yanatangulia kupanda peke yake, mgongo unabaki umelala mbele, magoti yanaingia ndani yanataka kupigana busu. Nimejaribu kila dawa. Nimemwekea ubao chini ya visigino, nimemfunga mpira magotini ayasukume nje, nampigia kelele, "Kifua juu! Magoti nje! Shingo! Shingo!" na bado. Na kwa kuwa naona anaharibika naogopa, na kwa kuwa naogopa mikono yangu inakwenda, siitumi mimi Shangazi, inakwenda yenyewe, naweka vidole viwili tu chini ya chuma, viwili tu, hata unga havingeinua. Jambo la kushangaza ni kwamba siku ambazo nina wateja na kocha ndiye anayesimama nyuma, wanasema anapanda safi kabisa, lakini mimi hilo sijaliona kwa macho yangu.

Mwezi uliopita pakawa na mashindano madogo ya kirafiki pale pale jimu. Waamuzi walikuwa watatu, kila mmoja na vibendera viwili, cheupe cha kukubali na chekundu cha kukataa, na mimi nikakubaliwa kusimama nyuma ya mke wangu. Akachukua uzito ambao hajawahi. Akashuka. Akatulia chini, shingo ikapanda, akanitazama kiooni, nikaona chuma kimesimama, moyo ukanipasuka, mikono ikaenda. Akasimama. Watu wakapiga makofi, halafu wakaacha, kwa sababu vibendera vyote vitatu vilivyopanda vilikuwa vyekundu, kumbe sheria ni kwamba mlinzi akigusa chuma, hata kwa vidole viwili, kunyanyua kule hakuhesabiwi. Mke wangu akarudisha chuma mahali pake, akageuka, hakuniuliza mimi, akamuuliza kocha, "Nilikuwa nimekwama?" Kocha akainama akatazama viatu vyake akasema, "Hapana, dada. Ulikuwa unapanda."

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Nilimwomba radhi njia nzima, na alipofika mlangoni akasema, "Baba watoto, mimi mtoto akichungulia simvuti. Naweka mikono tayari, namngoja." Akaingia ndani. Sasa mwisho wa mwezi huu kuna mashindano yenyewe, makubwa, ukumbini, walinzi wanatolewa na wenye shughuli, na atauchukua uzito ule ule uliokataliwa, na ameniambia kwa upole kabisa, "Siku hiyo wewe kaa mbele, kwenye viti, na watu." Na watu, Shangazi! Mimi niliyemwinua kitandani mwaka mzima nikakae na watu! Dada yangu mkubwa anasema hili nalo ni la kuuliza, mwanamke wa umri ule anabeba vyuma ana laana gani, nimkataze, na nikimkataza mambo yamekwisha. Kusema kweli kuna siku nimefungua mdomo nimkataze. Kuna siku nyingine nafikiri nisiende kabisa, nikae dukani ninyoe watu. Nakuomba uniambie, nifanye nini ili achuchumae vizuri kama zamani, anirudishe nyuma yake, na je, nimkataze au nisimkataze?

Ni mimi,
Bwana wa Mkunga.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu kinyozi. Sikucheka. Nilicheka kidogo kwenye mpira wa magotini, nikaacha.

Tuanze na dada yako tummalize. Mheshimu kwa umri wake, mpelekee salamu, mnunulie kitenge ukipata nafasi, lakini katika hili hakuulizwa na mwenye mgongo, basi asijibu. Na wewe huo mdomo uliofunguka ukitaka kukataza, ufunge. Mwanamke aliyekuwa hawezi kutoka kitandani sasa anasimama na mzigo mzito kuliko mumewe, daktari anajua, mtaalamu wa viungo anajua, kocha anajua, halafu wewe uje umwambie aache kwa sababu moyo wako wewe unadunda? Hilo sitaki kulisikia tena.

Sasa swali lako la kuchuchumaa. Mimi chuma nilichokibeba maishani ni sufuria, kwa hiyo sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Binti wa kaka yangu ni kocha wa kunyanyua vyuma, nikamtafuta, nikampa barua yako aisome. Aliisoma amesimama, akafika mwisho, akanirudishia akasema, "Shangazi, huyo mama hana ugonjwa wa magoti. Ugonjwa wake umesimama nyuma yake."

Nikamwambia anifafanulie kama mtu asiyejua kitu, naye akafafanua, na sasa nakufafanulia wewe. Mtu aliye chini na mzigo mabegani anatakiwa shingo yake iendelee na mgongo wake, macho yametua mahali pamoja sakafuni, hatua chache mbele. Shingo ikipanda kutafuta kitu kiooni, kifua kinalegea. Kifua kikilegea, nyonga zinatangulia na mgongo unabaki umeinama. Mgongo ukiinama, magoti yanaingia ndani kutafuta pa kuegemea. Wewe umeona magonjwa manne, ukaanza kuyatibu moja moja kwa mbao na mipira na makelele. Ni moja tu, mwanangu. Anakutafuta wewe. Yuko chini ya mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kubeba, na badala ya kuwaza kusimama, anawaza hiyo mikono inakuja lini.

Na usiniambie vidole viwili. Chuma kile kimekaa juu ya nyama ya mgongo wake mahali pamoja alipokichagulia, na ukikigusa kwa nyuma, hata kidogo, unakiondoa kwenye kiti chake na kumsukuma yeye mbele. Wewe ni kinyozi. Mteja akihisi wembe unasitasita shingoni mwake anafanya nini? Anashtuka. Akishtuka anakatika. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na naona hata kichwa cha mkewe hakioni. Uliandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba kocha akisimama nyuma mkeo anapanda safi, ukaliita jambo la kushangaza, ukalipita.

Lakini kuna jambo jingine katika barua yako ulilipita haraka zaidi, na hapo ndipo nilipokaa na barua yako muda mrefu. Asubuhi zile. Mikono chini ya makwapa, yeye kakushika shingo, haya, twende. Mwaka mzima. Halafu asubuhi moja ukanyoosha mikono, ukakuta yuko bafuni. Hukuniambia siku hiyo ulifanya nini na mikono yako. Nadhani hata wewe hujui. Mimi naona ilibaki imenyooka mpaka leo. Mgonjwa amepona, mwanangu, lakini muuguzi bado yuko zamu.

Mikono hiyo si mibaya. Wanaume wengi wanaoniandikia hawana mikono ya namna hiyo, na wake zao wananiandikia kunieleza. Ilikuwa na kazi, ikaifanya vizuri, kazi ikaisha, na hakuna aliyeiambia asante, nenda kapumzike. Basi mimi naiambia. Asante. Nenda kapumzike.

Sasa nikueleze nililoliona, kwa sababu binti wa kaka yangu hakuniacha niondoke na maneno matupu. Alinipeleka hapo anapofundisha. Palikuwa na msichana mmoja anajiandaa, mwanafunzi wa ufundi bomba, mkanda kiunoni, chaki viganjani. Nikaambiwa nisimame nyuma yake, pembeni ya mlinzi, nione. Msichana akatoka na chuma, akarudi hatua mbili, akatuliza miguu, akajaza pumzi. Akashuka. Mwanangu, naapa sikufikiri chochote, nilisikia tu sauti ikisema, "Shangazi, mikono!" nikajitazama, mikono yangu yote miwili iko mbele hewani, mkoba unaning'inia, nataka kumdaka mtoto wa watu nisiyemjua hata jina. Kwa hiyo nikikugombeza, ujue nakugombeza nikiwa mmoja wenu.

Wakanihamisha. Wakaniweka mbele. Msichana akapumzika, akarudia, na safari hii nikamwona uso.

Nimezoea watu. Nimesoma siri zao miaka mingi, nimeona nyuso za maharusi na za wafiwa, nikadhani hakuna uso asioujua Shangazi. Huu sikuujua. Macho yalikuwa yametua mahali pamoja na hayakuwa yakimtazama yeyote kati yetu. Mashavu yamejaa pumzi. Alipofika chini, kwa muda mfupi sana, uso ule ulikuwa unauliza kitu. Kisha ukajibiwa, sijui na nani, na akaanza kupanda. Alipanda polepole hadi nikaona kila sehemu ya kupanda kule, na katikati, mahali ambapo mimi na wewe tungenyoosha mikono, uso haukuomba. Alikuwa peke yake kabisa pale chini na hakuwa mpweke hata kidogo. Chuma kikarudi mahali pake, msichana akafuta pua kwa mgongo wa mkono akauliza kama kuna maji. Mimi nilikuwa bado nimeachama. Nimelala na uso huo, nimeamka nao, na leo nikiandika bado uko hapa mbele yangu.

Wewe uso huo hujauona. Mlango unaingilia nyuma, ukamwona mgongo. Ukawa mlinzi, ukawa nyuma. Kioo kipo, najua, lakini macho yako siku zote yalikuwa kwenye chuma. Unaijua shingo ya mkeo kuliko mtu yeyote duniani, na katika jambo kubwa kuliko yote ambalo mwili wake umewahi kufanya, hujamwona usoni hata mara moja. Halafu yeye, kwa upole kabisa kama ulivyosema mwenyewe, anakuambia kaa mbele, na wewe unaniandikia kurasa kulalamika kwamba umefukuzwa. Mwanangu! Hujafukuzwa. Umeitwa.

Haya, fanya hivi. Ubao wa visigino uutoe leo, na ule mpira mpe mtoto afungie gari lake. Mwombe kocha awageuzie mahali, mkeo akipe kioo kisogo asikuone tena, na hatua chache mbele yake bandika kipande cha plasta sakafuni, hapo ndipo macho yatue. Vile vyuma viwili vya pembeni vya kudakia mzigo vishushwe mpaka chini kidogo ya pale anapofikia akichuchumaa. Kisha, kwa uzito mwepesi, mwambie ashindwe makusudi mbele yako. Ashuke, akiache chuma kiangukie pale pembeni, atoke chini yake, aende zake. Arudie mpaka wewe uchoke kushtuka. Utaona kwamba kushindwa kuna mlango wa kutokea, na moyo wako utapata pa kukaa.

Makelele yako, basi. Aliye chini ya mzigo hawezi kusikiliza kifua na magoti na shingo kwa pamoja. Kabla hajaingia chini ya chuma una neno moja, na neno lenyewe ni "pumzi", maana pumzi ikijaa tumboni mengine mengi hujipanga yenyewe. Ukishalisema, nyamaza. Kwa uzito mkubwa mwachie kocha nafasi ya nyuma. Kwa uzito mdogo unaweza kusimama wewe, lakini kubalianeni neno lake la kuomba msaada, na mpaka alitamke au chuma kianze kurudi chini, mikono yako iwe kifuani pako, na ikibidi kusaidia, msaidie yeye chini ya kifua, usivute chuma. Alikwambia mwenyewe pale mlangoni na hukumsikia. Mikono tayari, namngoja. Mtu anayepokea watoto wa watu kila siku amekufundisha ulinzi wote kwa maneno matatu, na wewe ulikuwa ukiomba radhi.

Na usimwombe radhi tena, imetosha. Leo akirudi kutoka zamu, mwambie tu kwamba utakwenda, na kwamba utakaa mbele.

Siku hiyo funga duka. Fika mapema, uchukue kiti cha mstari wa kwanza, katikati, usimwachie mtu. Akiitwa, akija kwenye chuma, weka mikono yako juu ya kiti, viganja chini, uikalie. Uikalie kwa uzito wako wote, wewe na viatu vyako, uzito ule ule aliokwisha kuubeba yeye mabegani. Itakuuma, iache iume. Mtazame uso anaposhuka, mtazame anapouliza, mtazame anapojibiwa. Vibendera vikipanda vyeupe au vyekundu, hiyo si kazi yako. Akishasimama wima, itoe mikono hiyo, umpigie makofi.